Zunguka Ukuta Kwanza

SOMO LA WIKI

Andiko kuu: Nehemia 2:11–18
Soma pia: Nehemia 3, 5:14–18, 6:15, 7:1–3, 13:6–13, Luka 14:28–30, 2 Wakorintho 8:20–21
Lengo la somo: Tujifunze kupanga na kuendesha miradi ya kujitolea kwa njia inayomsaidia jirani kweli na isiyomwaibisha Mungu.



Jumapili iliyopita mlisikia tangazo kwamba kikundi chetu cha kujitolea kinataka kufanya mradi mwingine wa jamii kabla ya mwaka kuisha. Kanisa lilipiga makofi, na mimi pia nilipiga. Lakini kabla bahasha hazijaanza kupitishwa, nina jambo la kuungama, kwa maana ule mradi mkubwa uliopita niliusimamia mimi.

Mnakumbuka lile tangi. Tulichanga, tukanunua tangi la plastiki la lita 5,000, tukalipeleka katika shule moja ya msingi. Tulivaa fulana mpya, tukabeba bango, tukaimba, tukaomba, tukapiga picha na watoto. Jioni tulirudi nyumbani tumechoka na furaha tele. Nilisimama hapa madhabahuni nikasema kazi imekamilika.

Kuna mama mmoja katika ushirika wetu anayeuza mboga. Mchango wake aliuleta kwa sarafu, umefungwa kwenye leso. Karibu miaka miwili baadaye alinisimamisha mlangoni baada ya ibada akaniuliza, "Pasta, lile tangi letu linaendelea aje?" Nikamjibu, "Linaendelea vizuri, Mama, tunamshukuru Mungu."

Wapendwa, sikuwa nimekanyaga pale shuleni tangu siku ya picha. Nilimdanganya yule mama, na nilimdanganya nikiwa na Biblia mkononi.

Usiku huo sikulala vizuri. Siku mbili baadaye nikaenda. Tangi lilikuwa limeinama upande mmoja, bomba limekatika pale linapounganika, na ndani kulikuwa na vumbi na majani. Mpishi wa shule ndiye aliyenitembeza. Alinizungusha nyuma ya jikoni akanionyesha tangi lingine, la simiti, la zamani, zima kabisa. Shida yake ilikuwa mbili tu: mifereji ya paa ilikuwa imeanguka na mfereji wa kufungulia maji ulikuwa umevunjika. Nikamuuliza mbona hawakutuambia. Akasema, "Pasta, mlikuja kutuletea. Hamkuja kutuuliza."

Ningezunguka lile jengo siku ya kwanza, dakika tano tu, ningeliona. Tungetumia sehemu ndogo ya ile pesa na watoto wangekuwa wakinywa maji mpaka leo. Nilisomea mambo ya biashara chuoni, najua kuandika mpango wa kazi wa kurasa thelathini. Lakini sikuzunguka nyuma ya jikoni.

Ndiyo sababu nataka twende pamoja kwa Nehemia.

1. OMBA, KISHA ZUNGUKA

Nehemia alipopata habari za Yerusalemu ulikuwa mwezi wa Kisleu. Alipozungumza na mfalme Artashasta ulikuwa mwezi wa Nisani. Hapo katikati ni karibu miezi minne ya kufunga na kuomba. Lakini angalia: mfalme alipomuuliza anataka nini, hakusema "Naomba uniombee tu". Alikuwa na majibu tayari. Alitaja muda atakaotumia, akaomba barua za kupita kwa maliwali, akaomba barua kwa Asafu mtunza msitu ili apewe mbao, tena akataja mbao hizo ni za kufanyia nini (Nehemia 2:6–8). Maombi yake yalikuwa yamezaa mpango. Wengine wetu tunaomba ili tusipange. Huyu aliomba akapanga.

Halafu akafika Yerusalemu. Siku tatu hakutangaza chochote. Usiku akatoka na watu wachache, akazunguka ukuta, akaangalia malango yaliyoteketea, akafika mahali ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita kwa sababu ya kifusi. Ndipo akawaita wakuu na makuhani akazungumza nao. Aliona kwa macho yake kabla hajafungua mdomo wake.

Yesu mwenyewe, aliyejua yote, alimuuliza Bartimayo anataka afanyiwe nini (Marko 10:51). Alikuwa kipofu, mtu yeyote angeona shida yake. Bado Bwana aliuliza. Sisi ni nani tusiulize?

Kwa hivyo mradi ujao utaanza hivi. Watu watatu au wanne wataenda mahali hapo mara mbili kabla ya kuamua lolote. Mara ya kwanza wanasikiliza: mwalimu, mzee wa mtaa, kina mama, mpishi, mlinzi, watoto wenyewe. Mara ya pili wanarudi na kusema, "Haya ndiyo tuliyosikia, je, ni kweli?" Maswali ni mepesi. Shida kubwa hapa ni gani? Nani mwingine amewahi kujaribu kuisaidia, na ikawaje? Kuna kitu ambacho tayari mnacho lakini kimeharibika? Nyinyi wenyewe mtaweka nini? Nani atakitunza sisi tukiondoka?

Lile swali la tatu ndilo lingetuokoa sisi.

2. KETI UPIGE HESABU

Katika Luka 14 Yesu anasema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Asipoketi kwanza kupiga gharama, ataishia kwenye msingi na watu watamcheka. Hesabu siyo ukosefu wa imani, wapendwa. Aliyetuambia tuketi tuhesabu ni Bwana.

Hebu tupige hesabu ya maji pamoja, tuone. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya paa la mita 1 ya mraba, inatoa lita 1. Basi jengo la madarasa lenye paa la mita 20 kwa 8 ni mita 160 za mraba. Mvua nzuri ya milimita 10 inatoa lita 1,600. Mengine yanamwagika na kurukia nje, tuseme moja ya tano, kwa hivyo unabaki na kama lita 1,300. Mvua nne kama hizo zinajaza tangi la lita 5,000. Lakini bila mifereji ya paa, ni lita sufuri. Tulinunua tangi tukasahau mifereji yenye nguvu. Ni kama kununua sufuria bila kufikiria unga utatoka wapi.

Tuendelee. Shule ina watoto 200. Kila mmoja akitumia lita 1 kwa siku, kunywa na kunawa mikono, hizo ni lita 200 kwa siku. Tangi lililojaa linadumu siku 25 za shule, yaani wiki tano. Likitumiwa pia kupiga deki, litaisha mapema zaidi. Kwa hivyo hata kabla ya kununua, lazima tukubaliane na shule maji haya ni ya nini. Tukubaliane pia kwamba mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie tangini, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati, na maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Na uzito je? Lita 1 ya maji ni kilo 1. Tangi la lita 5,000 likijaa ni kilo 5,000, tani tano nzima, bila kuhesabu tangi lenyewe. Sisi tuliliweka juu ya udongo tulioushindilia kwa miguu alasiri moja. Halikuinama kwa sababu ya shetani. Liliinama kwa sababu ya msingi. Tukikemea pepo mahali panapohitaji fundi na simiti, tunalitumia jina la Bwana bure.

3. KILA MTU NA SEHEMU YAKE

Nehemia sura ya 3 watu wengi huiruka kwa sababu ni majina matupu. Lakini kwa kiongozi wa kikundi, hiyo ndiyo sura tamu. Kila mtu ana kipande chake cha ukuta na jina lake limeandikwa. Wengi walijenga mkabala wa nyumba zao, mahali ambapo wakijenga vibaya ni wao watakaoumia kwanza. Walikuwepo wafua dhahabu na mtengeneza manukato, watu ambao kazi yao siyo mawe. Alikuwepo Shalumu pamoja na binti zake. Na walikuwepo wakuu wa Watekoa ambao hawakukubali kuinamisha shingo zao kufanya kazi, nao pia wameandikwa! Wapendwa, Biblia inaweka kumbukumbu za mkutano.

Kikundi chetu kifanye hivyo hivyo. Kazi isiyo na jina la mtu na tarehe siyo kazi, ni matamanio. Msiandike "tutatafuta fundi". Andikeni nani atatafuta fundi, mpaka Jumamosi gani, na ataleta bei za mafundi wangapi. Asiyekuwa na nguvu za kuchimba ana simu ya kupiga. Asiyekuwa na pesa ana saa mbili. Wenye mahali wapewe pia kipande chao cha ukuta: wazazi walete mchanga na kokoto, shule itoe mahali na mtu wa kutunza ufunguo. Mtu hutunza alichokitolea jasho.

Kama kikundi kinataka kusimama chenyewe na kuwa na akaunti yake, kijiandikishe. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inataka watu wasiopungua 10, na mtahitaji katiba na kumbukumbu za mkutano. Ni kazi ya karatasi, lakini inazuia ugomvi wa kesho. Na popote tutakapoenda, chifu au naibu wake ajue tumekuja. Nehemia alibeba barua.

4. PESA ZA BWANA ZIONEKANE

Paulo alipobeba mchango kwenda Yerusalemu, hakusema "Niaminini, mimi ni mtume". Alitaka watu waliochaguliwa na makanisa waandamane nayo, ili mtu yeyote asipate neno la kuwalaumu, mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia (2 Wakorintho 8:19–21). Kama mtume Paulo alikubali kuangaliwa, pasta msaidizi ni nani?

Kwa hivyo haya tumekubaliana na wazee. Pesa ya mradi haitaingia kwenye simu ya mtu binafsi, hata iwe yangu. Kila malipo yataidhinishwa na watu wawili na kuwa na risiti. Hesabu itabandikwa kwenye ubao wa matangazo: tulipokea ngapi, tukatumia ngapi, kwa nini, na imebaki ngapi. Anayeuza mboga aweze kusoma sarafu zake zilikoenda.

Jambo lingine. Nehemia alikuwa liwali miaka kumi na miwili na hakula posho ya chakula cha liwali, kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito (5:14–18). Nilipofungua tena hesabu za tangi, niliona sehemu ya fulana, bango, usafiri na chakula chetu sisi wenyewe. Sitawatajia kiasi hapa, kiko kwenye ubao, mkasome. Ila nitasema hivi: ile mifereji ya paa tuliyokosa, tuliivaa na tukaila. Safari hii kila anayejitolea atabeba chakula chake, na atakuja na nguo yake ya kazi.

Na picha? Yesu alituonya juu ya kupiga tarumbeta tunapotoa sadaka (Mathayo 6:2). Simu zetu siku hizi ndizo tarumbeta. Tutapiga picha za msingi, bomba na risiti, za kuonyesha kanisa kazi iliyofanyika. Hatutapiga picha ya mtoto wa mtu akipokea sabuni ili tuiweke Facebook. Umaskini wa jirani siyo bango letu.

5. HESABU KILICHO HAI, SIYO KILICHOZINDULIWA

Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, na mwaka wa 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kuna jambo moja katika kazi yake ambalo kila kikundi cha kujitolea kinafaa kulijua. Kina mama walilipwa kiasi kidogo kwa miche, lakini siyo kwa mche uliopandwa. Walilipwa kwa mche uliopona na kushika. Hapo ndipo hekima ilipo. Kupanda ni asubuhi moja. Kushika ni kumwagilia, kuzungushia miiba, kufukuza mbuzi, mwezi baada ya mwezi.

Ukuta wa Yerusalemu ulimalizika kwa siku 52. Mahubiri mengi huishia hapo, na hata yangu yaliishia hapo. Lakini soma sura ya 7. Ukuta ukisha kumalizika, Nehemia anaweka mabawabu, anamchagua Hanani na Hanania wasimamie mji, anatoa hata saa ya kufungua malango. Huo ni mpango wa matunzo. Nani ana ufunguo? Mfereji ukivunjika nani ananunua mwingine, kwa pesa gani? Tangu sasa, katika kila shilingi 10 za mradi, shilingi 1 itawekwa kando kwa ajili ya marekebisho.

Kisha soma sura ya 13, ambayo hatupendi. Nehemia alirudi kwa mfalme. Aliporudi tena Yerusalemu akakuta Tobia amepewa chumba ndani ya hekalu, Walawi hawapewi riziki zao, na kila mmoja amekimbilia shambani kwake. Watu wale wale, ukuta ule ule! Kilichokosekana ni mtu wa kufuatilia. Nehemia hakukaa chini akalia kwamba kazi yake imepotea. Alivitupa nje vyombo vyote vya Tobia, akawarudisha Walawi mahali pao, akaweka watunza hazina wanaojulikana kuwa waaminifu. Alirudi, akarekebisha.

Basi nasi tutarudi baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi sita, na baada ya mwaka. Tarehe hizo zitaandikwa kabla hatujanunua msumari wa kwanza, na ripoti itasomwa hapa kanisani, iwe nzuri au mbaya.

NILIVYORUDI KWA YULE MAMA

Nilimtafuta pale sokoni, kibandani kwake. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Lile tangi halifanyi kazi, na sikuwa nimeenda kuliangalia." Alikuwa akikata sukuma wiki, hakuacha. Nilikuwa tayari kukemewa. Akasema, "Basi rudini mrekebishe, Pasta. Hiyo pesa niliitoa kwa Mungu, na Mungu bado hajapata maji."

Tulirudi watu sita, bila fulana wala bango. Fundi aliweka mifereji kwenye paa la jengo lililo karibu na lile tangi la simiti. Tuliliosha, tukabadilisha mfereji wa kufungulia, mpishi akapewa ufunguo mbele ya walimu. Tangi la plastiki lilijengewa msingi wa mawe na simiti, likafungwa bomba jipya. Mara ya mwisho nilipoenda, wiki tatu zilizopita, yote mawili yalikuwa na maji. Nitaenda tena mwezi ujao, na nitakaposimama hapa kuwaambia, mtajua nimetoka kuona.

Wapendwa, jirani hajui theolojia yetu. Anajua kama bomba linatoa maji. Tukimwacha na tangi lililoinama lenye jina la kanisa ubavuni, tumemhubiria jambo fulani juu ya Mungu wetu, na siyo kweli. Mungu wetu hurudi kuangalia.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Nehemia 2:11–16. Kwa nini unafikiri Nehemia alizunguka kabla ya kutangaza? Ni mradi gani katika mtaa wetu ulioanza na tangazo?
2. Taja kitu kimoja katika mtaa wako ambacho kipo lakini kimeharibika. Kingegharimu nini kukirekebisha, ukilinganisha na kununua kipya?
3. Katika Nehemia 3, wewe ungekuwa nani: mfua dhahabu, binti wa Shalumu, au mkuu wa Watekoa? Sema ukweli.
4. Kuna ahadi uliyomwambia mtu kwamba "inaendelea vizuri" na hujaenda kuangalia? Utaenda lini?

KAZI YA WIKI HII: Kila ushirika utume watu wawili watembee mtaa wao kwa saa moja, wasikilize, na walete shida moja iliyoandikwa na jina la mtu wa huko walioongea naye. Msilete suluhisho bado. Tukutane Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi.

OMBI: Baba, tusamehe kwa kazi tulizozindua na kuziacha. Tupe macho ya kuona kabla ya kusema, mikono misafi kwa pesa za watu wako, na miguu ya kurudi. Katika jina la Yesu, Amina.